Faili la Wanawake Wawili

Kwa miaka sita msusi alikwenda hospitali na jina la mke mwenzake. Siku ya kwanza jina liliitwa dirishani mara tatu huku yeye amekaa anaangalia dari kama mgeni, mpaka mama aliyekuwa naye kwenye benchi akamgusa goti. "Dada, si wewe huyo? Tumebaki wawili hapa, na mimi langu nalijua." Aliinuka kwa aibu, akajikwaa kwenye mguu wa benchi. Tangu siku hiyo alijifunza kulisikia jina lile hata likiitwa kwa mnong'ono.

Umri nao aliuvaa. Kadi ilisema mwenyewe ana miaka arobaini na mmoja, na yeye alikuwa na ishirini na saba. Nesi wa kupima uzito alimkazia macho, akasoma kadi, akamkazia tena. "Mama, unapaka mafuta gani? Na sisi tugawie." Msusi akajibu kwamba ni damu ya ukoo, kwao watu hawazeeki upesi. Picha ya kwenye kadi haikumsuta. Bi Mkubwa alikuwa dobi, na kadi aliwahi kuisahau mfukoni mwa aproni ikafuliwa mara mbili pamoja na mashuka. Sura iliyobaki ilikuwa kivuli chenye kilemba, ungeweza kusema ni yeyote.

Mambo yalianza hivi. Mume wao alikuwa mpimaji wa malori kwenye mizani ya kiwanda cha saruji. Lori linapanda juu ya bamba la chuma, yeye anasoma namba kibandani, anagonga mhuri, lori linashuka. Mtaani walimwita Bwana Mizani, na wenye midomo yao walisema mtu huyu anapima tani thelathini tangu asubuhi mpaka jioni, lakini wake wawili wamemshinda kusawazisha. Kiwanda kilimpa kadi ya matibabu kwa mke mmoja na watoto. Alipoandikisha alikuwa na mke mmoja kweli. Aliyekuja baadaye hakuwa na pa kuandikwa.

Binti wa msusi alipokuwa na miezi minne, mama yake alishikwa na homa, ziwa moja likavimba na kuwa jekundu kama limemwagiwa uji wa moto. Bwana Mizani akasimama katikati ya uwanja, akatoa hukumu: "Chukua kadi ya mwenzio. Mke ni mke."

Bi Mkubwa aliitoa kifuani polepole, kadi ina joto la mwili wake. "Haya, nenda ukawe mimi," akasema. "Lakini ukirudi, urudi wewe."

Uwanja wenyewe ulikuwa mmoja, vyumba viwili vya Bi Mkubwa upande huu, chumba kimoja cha msusi na kibaraza chake upande ule, bomba na bafu katikati. Bi Mkubwa alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa barabara ya pili. Kamba zake zilikatiza uwanja mzima, hivyo kuanzia saa tatu asubuhi milango ya wake wawili ilitenganishwa na ukuta mweupe unaochuruzika maji. Wateja wa kusuka walipita chini yake wameinama, wakifika kibarazani wana matone shingoni. Msusi alilalamika kwa mume, mume akasema upepo ukivuma yatakauka.

Vijembe vilirushwa juu ya mashuka. Havikuwa na jina la mtu, hivyo hakuna aliyeweza kushtaki.

"Kuku wengine wanamaliza pumba mwaka mzima," Bi Mkubwa aliliambia beseni lake, "yai moja. Tena dogo."

"Kuku wa mayai mengi," msusi alimwambia mteja aliye mbele yake huku akimvuta nywele, "supu yake haina mafuta."

Mteja alicheka, kisha akatulia, maana wote walijua supu hiyo ni ya nyumba gani.

Lile yai moja lilikuwa na habari yake. Msusi alikaa na uchungu siku tatu. Mtoto alitoka mzima, mama alichanika na kumwaga damu nyingi, akarudi nyumbani na kichanga mkononi na hofu moyoni ambayo hakumwonyesha mtu. Kila mume alipozima taa, aliisikia hofu ile ikiamka. Bwana Mizani hakuwa mkatili, lakini alikuwa na neno lake: "Mtoto mmoja si mtoto, ni mgeni." Bi Mkubwa alikuwa amemzalia watano.

Basi siku ile ya homa, baada ya kupewa dawa, msusi alimwuliza nesi kwa sauti ndogo kama kuna njia ya kupumzika. Nesi akamwambia ipo sindano ya miezi mitatu. Alichomwa siku hiyohiyo. Nesi akaiandika kwenye faili, na faili lilikuwa na jina la Bi Mkubwa. Katika zahanati ya mtaa wao asingethubutu, kwa kuwa mhudumu wake alikuwa wifi yao, dada wa Bwana Mizani, na siri ingefika nyumbani kabla yake. Hospitali ya kiwanda ilikuwa mbali na watu wake hawakumjua. Nyumbani alisema ana presha ya kushuka, anatakiwa kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu. Bi Mkubwa aliifurahia sana habari hiyo. "Kijana mzima, ugonjwa wa wazee," alisema, na kadi akawa anaitoa bila maneno mengi, kama mtu anayemtupia maskini mfupa.

Mwaka wa nne, hospitali ilitangaza kwamba wanawake wote wenye zaidi ya miaka arobaini wapimwe mlango wa kizazi. Kwenye faili msusi alikuwa na arobaini na tano, naye akaingizwa kwenye foleni ya wanawake watu wazima. Nesi aliyepima alikuwa mwalimu kwa tabia. Alimweleza kila mmoja mpaka akajirudia: saratani hii inakuja kimya kimya, mama, lakini ina dalili zake. Damu isiyofuata siku. Damu baada ya kulala na mume. Maji yenye harufu mbaya. Mgongo na nyonga kuuma. "Ukiona moja ya hayo, usingoje. Usiseme ni utu uzima." Kipimo cha msusi kilikuwa kizuri. Nesi akagonga mhuri wa bluu, akaandika: safi, arudi baada ya miaka mitatu.

Msusi alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Hakuwaza kwamba mhuri ule umegongwa juu ya mwili wa mtu mwingine.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tatu, Bi Mkubwa alianza kuacha zamu zake. Mwanamke huyu hakuwahi kumwachia mwenzake hata nusu saa. Mume alikwenda siku mbili huku, siku mbili kule, na akichelewa kuhama asubuhi, Bi Mkubwa alifagia mlangoni kwa msusi kwa nguvu mpaka vumbi liingie kitandani. Sasa alimwambia mume mbele ya watu, "Kaa huko huko kwa mtoto, mimi mgongo unanisumbua." Wateja kibarazani walikonyezana. Mmoja akamwambia msusi, "Shoga, umeshinda." Msusi akatabasamu, lakini ndani hakuwa na raha. Adui akikuachia uwanja bila kupigana, lazima ujiulize ameona nini.

Jumatatu moja aliinama kupita chini ya mashuka kwenda bombani. Katikati ya mashuka mawili makubwa, mahali ambapo mtu wa nje asingeona, paliningʼinia vitambaa vilivyochanwa kutoka kanga ya zamani. Vilikuwa vingi. Vilifuliwa kwa mikono inayojua kufua, na bado havikutakata. Akavikaribia. Sabuni ilinukia, dawa ya madoa ilinukia, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ambayo hakuwahi kuisikia maishani lakini aliitambua palepale, kwa sababu alikuwa ameelezwa.

Alijaza ndoo yake, akarudi kusuka. Alijiambia si jambo lake. Alijiambia kwamba Bi Mkubwa mwenyewe atajua la kufanya, mtu mzima haonyeshwi choo.

Wiki mbili baadaye siku ya sindano ilifika. Alikwenda kuomba kadi, mtandio umeshafungwa, viatu vya kutokea vipo mguuni.

"Leo naenda mwenyewe," Bi Mkubwa alisema. Alikuwa amevaa gauni la sherehe na alishika kizingiti kwa mkono mmoja.

Msusi alishinda siku ile bila akili. Alimsuka binti wa watu mistari iliyopinda, akaifumua, akaisuka tena, ikapinda tena. Alijua kilicho ndani ya faili. Alifikiria kukimbilia kwao na mtoto, akafikiria kwamba kwao pia wangeuliza.

Bi Mkubwa alirudi alasiri. Alipita chini ya mashuka bila kuinama sana, siku hizo alikuwa amepungua, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo. Mteja wa mwisho alikuwa ameondoka.

"Shikamoo, dada," msusi akasema.

"Marahaba. Leo nimesomewa habari zangu." Aliongea akimtazama kwenye kioo. "Kumbe mimi nimechomwa sindano za kuzuia mimba ishirini na tatu. Nimezaa watano, sijui hata inachomwa mkono gani."

Msusi alianza kukusanya nywele za sakafuni.

"Presha ya kushuka," Bi Mkubwa akaendelea. "Kweli imeshuka. Imeshuka mpaka chini ya kitovu."

"Dada, nakuomba."

"Usiniombe. Simwambii. Nikimwambia leo, kesho nitabaki na nini mkononi?" Akavua kilemba. "Nisuke. Mistari midogo, na usinivute kama unavyowavuta watoto wa watu."

Msusi akachukua kitana. Nywele zilikuwa laini kuliko alivyotarajia, zikatoka na kitana. Alizifunga kwenye kidole ili mwenyewe asizione.

"Na wewe ulikwenda na nini?" aliuliza.

"Mgongo."

"Mgongo tu?"

Bi Mkubwa akamtazama kwenye kioo. "Macho yako marefu. Haya, na damu. Daktari kafungua faili, kasema ni ya sindano. Mtu akichomwa miaka mingi, damu inavurugika. Niache sindano, itakaa sawa. Basi nimeacha. Daktari kaamuru, na mimi ni mtiifu." Akapiga kifua mahali kadi ilipokaa. "Kwa hiyo hata wewe umeacha."

"Lakini wewe hukuchomwa, dada."

"Ningesema? Aniulize ni nani basi aliyechomwa, kadi ikamatwe, baba watoto afukuzwe kazi? Watoto wangu watakula nini, nywele zako? Aliniuliza mara mbili, mama, sindano hizi umechomwa wewe? Nikajibu ndiyo mara mbili. Yangu ni ya umri. Mama yangu ilimwenda hivi hivi mwaka mzima, kisha ikakauka."

"Hakukupima?"

"Apime nini? Kasema kipimo changu kipo na ni safi, mpaka mwakani." Akalirudia neno, "Safi," kama mtu aliyesifiwa kwa sufuria ambayo hakuisugua yeye.

Hapo ndipo msusi alipaswa kusema. Maneno yalikuwa machache: kipimo kile ni changu, wewe hujapimwa, na hizo dalili zako nazijua. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Nikuletee maji ya kunywa?"

Tangu siku ile akawa mtumishi. Bi Mkubwa hakupaza sauti, aliita tu, "Presha," na msusi akaja. Alimchotea maji, alimpigia pasi mashuka, alimsuka kila Jumapili. Watu mtaani walisifu, wakasema nyumba ya Bwana Mizani imeingia amani, wake wamekuwa kama mtu na mdogo wake. Bwana Mizani mwenyewe aliamini kwamba ni busara yake. Akaanza kutoa ushauri wa ndoa kibandani kwa madereva.

Msusi alikuwa na sababu zake za kunyamaza, na kila mwezi alizipanga upya. Kwanza ilikuwa hofu: akisema kipimo si cha mwenzake, atakuwa amejifungulia mashitaka. Kisha ikawa hasira. Bila kadi hakuna sindano, na mume sasa alilala kwake karibu kila siku. Alihesabu siku zake kwa vidole chini ya shuka, akimlaani yule aliyelala upande wa pili wa uwanja. Kwa nini amwokoe mtu aliyemtupa tena kwenye kitanda cha zile siku tatu?

Sababu ya tatu aliikuta bila kuitafuta. Alikuwa amesimama chumbani kwa Bi Mkubwa akisubiri kupewa nguo za pasi, akajikuta anakadiria dirisha kwa macho. Lilikuwa pana, lilipokea mwanga wa asubuhi. Kioo kingekaa pale, viti viwili hapa, na kile kikaushia nywele ambacho hakikuwa na nafasi kibarazani kingewekwa karibu na swichi. Alipokuwa anakisogeza kikaushia katika mawazo yake, kidogo kushoto, ndipo alipogundua kwamba katika picha ile kitanda hakipo. Alitoka nje bila zile nguo za pasi, akajifungia bafuni.

Baada ya hapo alijaribu, lakini nusu nusu.

"Dada, ungerudi hospitali."

"Ili wanilaze huko, kadi ibaki uipore?"

"Sitaki kadi. Rudi tu wakupime."

"Nilishapimwa. Au unajua kusoma kuliko daktari?" Kisha kwa sauti ya chini: "Unanitakia ugonjwa, Presha. Wewe kila ukinisuka unanipima shingo kama mnunuzi wa mbuzi."

Ndivyo uke wenza ulivyowafanya. Miaka yote walikuwa wameambiana uongo mtamu na ukweli mchungu kwa nia moja ya kuumizana, na sasa mmoja alipotaka kusema jambo la kweli kwa wema, hakuwa na sauti ya kulisemea. Angeweza kulisema lote, na sindano, na kipimo, na yule nesi mwalimu. Angeaminiwa. Lakini kila Jumapili alimaliza mstari wa mwisho, akafunga uzi, akasema, "Tayari, dada."

Msusi mzoefu huona afya ya mtu kichwani. Mwezi wa tano aliona ngozi ya kichwa ikipauka. Mwezi wa sita nywele zilikuwa chache kiasi kwamba mistari ilibidi iwe mikubwa. Mwezi wa saba Bi Mkubwa hakuweza kukaa kitini, alilala ubavu juu ya mkeka huku msusi amepiga magoti kando yake, na alipogeuka alisaga meno.

Mwezi wa nane, saa nne ya asubuhi, alianguka kwenye beseni. Shuka alilokuwa amelishika lilimfunika. Watoto walikuwa shule, Bwana Mizani kazini. Msusi alikuta maji ya beseni yamebadilika rangi. Yeye na mteja wake, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa nusu, walimbeba mpaka barabarani, wakapata teksi ya kwenda hospitali ya kiwanda.

Daktari alikuwa kijana, mpya, mwenye haraka ya watu waliosimama foleni nje. Alifungua faili. Bi Mkubwa alilala kitandani macho yamefumbwa, mkono wake umeshika ukingo wa chuma.

"Sindano miaka sita," daktari akasoma. "Aliambiwa aache mwezi wa tatu. Hizi damu mara nyingine zinachelewa kutulia. Mlango wa kizazi alipimwa, safi." Akaandika. "Tutamwongeza damu, nitampa vidonge vya kukata damu, kisha arudi nyumbani apumzike. Wewe ni nani yake?"

"Mdogo wake," msusi akasema. Ndivyo walivyokuwa wakisema kwa watu.

Daktari akachana karatasi ya dawa, akamnyooshea. Karatasi ilikuwa hewani kati yao. Msusi hakuipokea.

"Daktari, sindano ni zangu."

"Unasemaje?"

"Zote. Na kipimo ni changu. Huyu hajawahi kuja hapa ila mara ile moja. Faili hili mmeandika watu wawili." Alisikia kitanda kikilia nyuma yake, hakugeuka. "Damu inamtoka tangu mwezi wa tatu, labda kabla. Ina harufu. Mgongo unamuuma, na nyonga, upande wa kushoto. Mpime sasa."

Daktari alimtazama kwa muda ambao foleni ya nje haikuruhusu. Kisha akafunga faili, akaita nesi, akavuta pazia.

Waliyoyakuta hayakuhitaji maabara kuyaeleza, ingawa maabara nayo ilieleza. Saratani ilikuwa imetoka mlangoni, imeshika figo na mfupa wa nyonga. Daktari alisema ingekuwa mapema wangekuwa na la kufanya. Hakusema mapema kiasi gani, na siku ile hakuna aliyemwuliza.

Hospitali iliandika barua kiwandani. Kadi ilichukuliwa. Bwana Mizani aliitwa ofisini, akarudi bila ufunguo wa kibanda, amehamishiwa kwenye kushusha mifuko mpaka shauri lake lisikilizwe. Bi Mkubwa akahamishwa hospitali ya serikali, wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Mume alimkuta msusi ukumbini. Alikuwa na vumbi la saruji kwenye nyusi, na swali lake la kwanza halikuwa la mgonjwa.

"Sindano ishirini na tatu?"

"Ndiyo."

"Miaka yote namwomba Mungu mtoto, kumbe namwomba na wewe umefunga mlango." Akakaa chini, mgongo kwenye ukuta. "Mmenimaliza, nyie wawili."

"Kadi ulinipa wewe," msusi akasema. Hakuwahi kumjibu hivyo. Mume aliinua mkono, akautazama, akaufutia uso. Hakumfukuza. Mtu wa kumhudumia mgonjwa alihitajika, na wifi alikuwa ameshasema yeye ana kazi.

Kwa siku tisa msusi alimwosha Bi Mkubwa, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza. Alijifunza kumgeuza: kwanza magoti, kisha bega la kulia, na usiguse kabisa nyonga ya kushoto. Hawakuongea ila ya lazima. Siku ya kumi, saa za mchana, wagonjwa wengine wamelala, Bi Mkubwa akasema bila kufungua macho:

"Yale uliyomwambia yule kijana. Harufu, nyonga. Nani alikufundisha?"

"Nesi. Siku ya kipimo. Alituambia tukiona hayo tusingoje."

"Alikwambia wewe au aliniambia mimi?"

Msusi alinyoosha shuka. Bi Mkubwa akafungua macho, yalikuwa makubwa katika uso uliokwisha.

"Vitambaa vyangu uliviona lini?"

Angeweza kusema mwezi wa saba. Angeweza kusema wiki ile ile ya kuanguka, na hakuna binadamu angemsuta. Mdomo wake ulishaanza kuliunda jibu hilo. Akatazama mikono iliyokuwa juu ya shuka, kucha nyeupe zilizoliwa na sabuni.

"Mwezi wa tatu," akasema. "Kabla hujaenda na kadi."

Bi Mkubwa alitoa mkono wake wa kulia, akaanza kukunja vidole, mwezi kwa mwezi. Wa nne. Wa tano. Wa sita. Wa saba. Kidole gumba kilibaki kimesimama peke yake, akakitazama.

"Na kila Jumapili ukanisuka."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilidanganya ili nikushike," Bi Mkubwa akasema. Alipumua, akangoja maumivu yapite. "Sikujua ninachodanganya. Wewe ulijua." Hakukuwa na hasira katika sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu kwa mwenyewe. "Usinishike tena. Nenda kamwite binti yangu, aje anigeuze."

"Hajui kukugeuza. Atakuumiza."

"Kamwite."

Binti mkubwa alikuwa nje na sare ya shule, amekuja kumwona mama yake. Msusi alimweleza haraka: magoti kwanza, kisha bega la kulia. Msichana hakumtazama. Habari zilikuwa zimeshafika kwake kutoka kwa shangazi yake. Akapita, akavuta pazia.

Msusi alimfuata, akasimama nje ya pazia. Alisikia msichana akisema, "Mama, nishike shingoni," akasikia kitanda kikisogea, akajua kwa mlio wake kwamba ameanzia upande wa kushoto. Sauti iliyofuata ilimfanya mgonjwa wa kitanda cha pili aamke na kuita nesi. Msusi aliinua mkono hadi kwenye pazia. Akaushusha, akabaki hapo nje, kama alivyoambiwa asimshike tena, mpaka msichana alipomaliza.